Inama uone kasi: historia ya mkao wa baiskeli, na bega la mdogo wangu

Najua nimepotea. Wale mliokuwa mnaulizana kama nimedisko, poleni, bado nipo nipo sana. Nilikuwa likizo kwetu Chanji, Sumbawanga, na bando la kule lilikuwa la kubahatisha. Nimerudi hosteli juzi usiku, mgongo unauma kwa safari ya basi, begi limejaa maharage na unga wa ulezi. Mliozoea kunivamia chumbani karibuni, ila kila mtu aje na sahani yake.

Leo sina stori za chuo. Kuna jambo linanikaba na nimeona nikiliandika huenda likapungua. Mdogo wangu, yule wa kidato cha tatu niliyewahi kuwasimulia, amevunjika mfupa wa mtulinga. Alianguka na baiskeli kwenye mteremko. Sasa hivi mkono umefungwa kifuani, analalia upande mmoja, daktari kasema atapona vizuri. Tatizo ni kwamba ule mkao aliokuwa nao juu ya baiskeli wakati anaanguka, aliyemfundisha ni mimi. Baba hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa afadhali.

Si mnanijua mimi ni mtu wa historia. Jambo likinishinda nalirudisha nyuma mpaka lilikoanzia, nione lilipinda wapi. Kwa hiyo leo vumilieni, hii ni insha, na ni ndefu.

Tuanze na upepo. Ambaye hajafika Ufipa anadhani Tanzania nzima ni joto. Sisi tuko juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, uwanda mkubwa wa nyasi na mashamba, miti ya kuhesabika. Ukifika mwezi wa sita mpaka wa nane, baridi inakung'ata masikio na upepo hauna wa kuuzuia. Ukitoka Chanji asubuhi na baiskeli kuelekea upande ule upepo unakotoka, unanyonga mpaka mapaja yanawaka, halafu ukigeuka nyuma unaona nyumba yenu bado iko pale pale, inakucheka.

Mimi nilikuwa na Phoenix ya baba, ile nyeusi nzito yenye breki za vyuma na keria ya kubebea gunia. Siku moja nikiwa bado sekondari nilikuwa napigana na upepo, nimekaa wima kama mtu aliyepanda punda, akanipita mjomba wangu. Mjomba alikuwa mfanyabiashara wa samaki wakavu, anashuka Bonde la Ziwa Rukwa na baiskeli tupu na kurudi nayo imejaa, sehemu kubwa ya kupanda anaisukuma kwa mikono. Siku hiyo alikuwa na mzigo nyuma unaofika mabegani, na bado akanipita. Nikamuamkia huku nahema. Akaitikia marahaba bila kugeuka, amelala juu ya usukani, viwiko vimebana mbavu, kidevu kinakaribia kengele. "We mjomba," akanipigia kelele, "upepo haupigwi kifua! Inama!"

Nikainama. Wadau, sitasahau. Ilikuwa kama mtu ameniachia shati alilokuwa amelishika nyuma.

Baadaye nikafanya jaribio langu la kishamba. Kuna mteremko mdogo unaoishia tambarare. Nikaachia baiskeli ijiendee bila kunyonga, kwanza nimekaa wima, iliposimama nikaweka jiwe. Nikarudi juu, nikaachia tena, safari hii nimejikunja kama mjomba. Nikapita jiwe, nikaendelea, nikasimama hatua kama arobaini mbele yake. Baiskeli ile ile, njia ile ile, miguu haijafanya kazi yoyote. Nilichobadilisha ni mgongo tu.

Nilipofika chuo ndipo nikajua kwa nini. Kwenye tambarare, ukishapita kasi ya kama kilomita 30 kwa saa, karibu nguvu yako yote inaishia kusukuma hewa, matairi na mnyororo vinakula kidogo tu. Na hewa ina tabia mbaya: ukienda mara mbili ya kasi yako, upinzani wake unapanda mara nne, na nguvu ya miguu ya kuushinda inatakiwa mara nane. Mara nane jamani! Halafu katika upinzani huo, kama robo tatu inatokana na mwili wa mtu, baiskeli yenyewe inachangia iliyobaki. Kwa hiyo anayehangaika kununua baiskeli nyembamba huku kifua chake kipana kama mlango anapunguza kile kidogo, kile kikubwa anakiacha. Ukuta ni wewe mwenyewe.

Na msiniambie sisi wa Phoenix hatufiki kasi hizo. Upepo ukikujia kwa kilomita 25 kwa saa na wewe unakwenda 15, hewa inakugonga kana kwamba unakwenda 40. Wauza mkaa na samaki wa Ufipa wako kwenye mbio za dunia kila asubuhi, ila hakuna anayewapigia makofi.

Sasa historia. Kuna mashindano mawili yanayoonyesha vizuri habari ya mkao. La kwanza ni mbio dhidi ya saa, ambapo kila mtu anaachiwa peke yake barabarani, hakuna mgongo wa mwenzako wa kujifichia, mwenye muda mfupi ndiye mshindi. La pili ni rekodi ya saa moja: unaingia kwenye uwanja wa kuzunguka, unanyonga dakika 60, wanapima umefika wapi. Hapo hakuna kisingizio kabisa.

Rekodi ya saa inayohesabiwa kuwa ya kwanza iliwekwa Paris mwaka 1893 na Henri Desgrange, aliyekuja kuanzisha Tour de France mwaka 1903. Alikwenda kilomita 35.325. Kufika mwaka 1914 Mswisi Oscar Egg alikuwa ameifikisha 44.247. Halafu ikakwama. Karibu miaka ishirini watu wanagonga ukuta ule ule.

Mwaka 1933 akatokea Mfaransa, Francis Faure, ambaye hakuwa bingwa wa kutisha. Alipanda baiskeli ya mtengenezaji Charles Mochet, ambayo mtu analala chali, miguu inatangulia mbele. Kalala hivyo, kanyonga saa nzima, kafika kilomita 45.055. Mtu wa kawaida kavunja rekodi ya mabingwa kwa kubadilisha namna ya kukaa. Mkafikiri walimpa hongera? Mwaka 1934 shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, likaamua kwamba ile si baiskeli ya mashindano. Rekodi ikawekwa pembeni, na baiskeli za kulalia zikatolewa kwenye mashindano mpaka leo.

Kumbukeni tukio hilo kwa sababu litajirudia. Mtu anagundua mkao, saa inamkubali, kisha kikao kinamkataa.

Mwaka 1972 Eddy Merckx wa Ubelgiji alikwenda Mexico City, zaidi ya mita 2,200 juu, akaweka kilomita 49.431. Alitumia usukani wa kawaida uliopinda chini na mgongo wa kuinama kama walivyoinama wote. Kwa nini Mexico? Kwa sababu kule juu hewa ni nyepesi, ukuta unapungua wenyewe. Pafu linapata hewa kidogo, lakini hesabu bado inalipa. Mwaka 1984 Francesco Moser wa Italia akaenda huko huko na magurudumu ya sahani, yaani yasiyo na spoku, akafikisha 51.151.

Hapa nisimame kidogo maana damu yangu ya Kifipa inachemka. Miaka ya karibuni wengine wamehamia Aguascalientes, mji mwingine wa Mexico, wenye urefu wa kama mita 1,880. Mbelgiji Victor Campenaerts aliweka kilomita 55.089 pale mwaka 2019. Muitaliano Vittoria Bussi akawa mwanamke wa kwanza kuvuka kilomita 50 kwa saa, pale pale, mwaka 2023. Mita 1,880! Hiyo si ni Ufipa kabisa? Hewa ya Sumbawanga ni nyepesi kuliko ya Dar kwa kama moja ya sita. Wenzetu wanapanda ndege kutafuta hewa ambayo sisi tunaipata bure tukitoka tu nje kupiga mswaki. Tulichokosa ni uwanja, na hewa tunayo kibao.

Turudi kwenye mgongo. Miaka ya themanini kocha wa Marekani wa mchezo wa kuteleza kwenye theluji, Boone Lennon, alijiuliza swali rahisi: wateleza theluji wanaweka mikono mbele ya uso na kujikunja kama yai, kwa nini mwendesha baiskeli asifanye hivyo? Akabuni vyuma vya kuongeza mbele ya usukani, unaegemeza viwiko, mikono miwili inakaa pamoja mbele kama mtu anayeomba dua. Wa kwanza kuvipokea walikuwa watu wa mbio za mchanganyiko, wale wanaoogelea, wanaendesha, kisha wanakimbia. Mabingwa wa barabarani waliviona vya kihuni.

Mpaka tarehe 23 Julai 1989. Siku ya mwisho ya Tour de France ilikuwa mbio dhidi ya saa, kilomita 24.5 kutoka Versailles kuingia Paris. Laurent Fignon wa Ufaransa alikuwa anaongoza kwa sekunde 50 mbele ya Greg LeMond wa Marekani. Kila mtu anajua sekunde 50 kwa umbali ule hazirudi. LeMond kaweka vile vyuma, kavaa kofia ndefu ya kupasua hewa. Fignon katoka na usukani wa kawaida, kichwa wazi, nywele zimefungwa nyuma zinapepea. LeMond alimpiga kwa sekunde 58. Akachukua Tour nzima, wiki tatu za kunyonga, kwa sekunde 8. Hakuna Tour iliyoamuliwa kwa tofauti ndogo kuliko hiyo. Baada ya siku ile hakuna aliyeviita tena vya kihuni.

Lakini ninayempenda mimi ni Graeme Obree wa Scotland. Huyu angeishi Chanji tungemwelewa. Duka lake la baiskeli lilikuwa limefungwa, hela hana, akajitengenezea baiskeli mwenyewe, na ndani yake akaweka beringi za mashine ya kufulia nguo. Aliipa jina la Old Faithful. Mkao wake ulikuwa haujawahi kuonekana: mikono aliikunja chini ya kifua, mabega yameifunika, mwili unaning'inia mbele ya usukani kama mwewe anayetaka kutua. Pedali alizisogeza karibu karibu ili magoti yasipanuke.

Julai 1993 huko Hamar, Norway, alijaribu rekodi ya Moser akashindwa. Kesho yake asubuhi akarudi. Ebu fikirini, ile saa moja inaua, mabingwa hupumzika wiki kadhaa, yeye kalala usiku mmoja. Usiku huo alikunywa maji mengi makusudi ili haja ndogo imwamshe, kila akiamka anyooshe miguu isikaze. Tarehe 17 Julai akaweka kilomita 51.596. Siku sita baadaye Mwingereza Chris Boardman, mwenye baiskeli ya kisasa na wataalamu nyuma yake, akampita kwa 52.270. Aprili 1994 Obree akarudisha, 52.713.

Na kikao kikakaa. Mwaka 1994 UCI wakaupiga marufuku mkao wake. Kwenye mashindano ya dunia kule Palermo alikuwa kwenye mkao wake ule ule, wakamfuta. Mwaka 1995 akaja na mwingine: mikono imenyooka mbele kabisa kama Superman anayeruka. Akachukua ubingwa wa dunia kule Bogotá. Boardman akauiga, na mwaka 1996 kule Manchester akaweka kilomita 56.375. Mkao huo nao wakaufuta.

Mwaka 2000 UCI wakasema rekodi ya saa sasa irudi kwenye baiskeli ya aina ya Merckx, usukani uliopinda, hakuna cha viwiko mbele. Boardman akajaribu tena. Alipata kilomita 49.441. Yaani kamzidi Merckx wa 1972 kwa mita kumi tu, urefu wa basi. Sasa chukueni karatasi: mtu yule yule, 56.375 toa 49.441. Karibu kilomita saba. Ndiyo, alikuwa ameongezeka miaka minne na vifaa vilikuwa tofauti, lakini sehemu kubwa ya kilomita zile ilikuwa mgongo na mikono. Kutoka Chanji ukitembea kilomita saba unakuwa umeshaliacha eneo la nyumbani. Mkao ulikuwa na thamani ya safari hiyo. Baadaye, mwaka 2014, wakalegeza kamba, vyuma vya viwiko vikaruhusiwa tena, na mwaka 2022 Filippo Ganna wa Italia akafikisha 56.792.

Mpaka hapa mimi nilikuwa nimeshashika upande. Nilikuwa nawaambia wenzangu kijiweni kwamba historia hii ni ya wanyonge wanaogundua na wakubwa wanaofuta. Faure, Obree, mjomba wangu na samaki wake, wote ni timu moja. UCI ni wazee wa vikao wasiopenda kuona mtu maskini anakwenda kasi. Likizo nikarudi nyumbani na maneno hayo, nikamwonyesha mdogo wangu video kwenye simu.

Video yenyewe ilikuwa ya Chris Froome. Huyu ni wa kwetu kidogo. Kazaliwa Nairobi mwaka 1985, kafundishwa kuendesha na David Kinjah, yule Mkenya mwenye rasta aliyekuwa anawalea vijana waendesha baiskeli pale Kikuyu. Mwaka 2006 aliiwakilisha Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Melbourne. Baadaye akachukua leseni ya Uingereza na kushinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Mwaka 2016, hatua ya nane, walipofika kileleni mwa Peyresourde yeye akachomoka kwenye mteremko. Aliacha siti akakalia bomba la juu la fremu, kifua kimelala kwenye usukani, na bado ananyonga. Wenzake hawakumpata. Alishinda hatua ile kwa sekunde 13 na kuvaa jezi ya njano.

Mdogo wangu aliiangalia video ile labda mara ishirini. Mimi nikamwelekeza kwa vitendo: viwiko ndani, kichwa chini, mgongo uwe kama meza. Nikamsimulia habari ya jiwe. Nikajisikia mwalimu kweli kweli.

Siku tatu baadaye akatumwa bondeni. Kutoka uwanda wa Ufipa kushuka Bonde la Ziwa Rukwa ni kama mita elfu moja za kushuka, vumbi, kokoto na kona. Yeye na rafiki yake wakashindana. Akalaza mikono juu ya usukani, akakaa juu ya bomba la fremu kama Froome. Sasa Phoenix breki zake ni zile za kuvuta kwa vidole chini ya usukani. Ukishalaza mikono hivyo, vidole haviko kwenye breki. Ulipotokea mfereji uliochimbwa na mvua, alichokuwa nacho ni kasi tu. Rafiki yake ndiye aliyekimbia kutafuta pikipiki ya kumpeleka hospitali.

Jioni ile mjomba alikuja nyumbani kumpa pole. Akaniuliza ilikuwaje, nikamweleza bila kuficha, na nikamkumbusha kwamba yeye ndiye aliyenifundisha kuinama. Mjomba alikaa kimya, akanywa chai, halafu akaniuliza, "Nilikuambia inama wapi?" Nikasema kwenye upepo. "Kwenye upepo wa mbele, tambarare. Umewahi kuniona mimi nashuka bondeni nimeinama?" Nikafikiri. Sikuwahi. Mjomba akishuka anakaa wima kabisa, koti limefunguliwa vifungo linapepea, viwiko nje, mikono kwenye breki. Miaka yote nilidhani ni uzee. "Kifua ndiyo breki ya kwanza," akasema. "Hizi za vyuma zinapata moto, zinachoka. Upepo hauchoki."

Wadau, nilijisikia mjinga. Maana ni hesabu ile ile! Ukuta unaokuchelewesha kwenye tambarare ndio unaokuokoa kwenye mteremko. Upinzani unapanda mara nne kasi ikipanda mara mbili, kwa hiyo mwili uliofunguka unakushika zaidi pale pale unapohitaji kushikwa. Nilikuwa nimesoma nusu ya somo nikaenda kulifundisha kama somo zima.

Nilivyorudi chuo nikaisoma upya historia yangu. Froome yule yule, Juni 2019 kule Roanne, Ufaransa, alikuwa anaikagua njia ya mbio dhidi ya saa kwenye baiskeli yake ya viwiko mbele. Akaachia mkono mmoja ili apenge kamasi. Upepo ukapiga gurudumu la mbele, akaingia ukutani. Akavunjika paja, kiwiko na mbavu. Bingwa wa Tour mara nne, barabara ya lami, baiskeli ya gharama, na upepo kidogo tu. Mkao ule unakupa kasi lakini unachukua kitu: mikono yako iko karibu karibu, mbali na breki, na gurudumu linayumba haraka. Na kuanzia tarehe 1 Aprili 2021 UCI wakapiga marufuku kukalia bomba la fremu kwenye mteremko, pamoja na kulaza mikono juu ya usukani wa kawaida. Waendeshaji wengi walilalamika. Mimi pia nilikuwa nimeshaiandika kwenye orodha yangu ya dhambi za vikao. Sasa nimeifuta.

Sisemi UCI walikuwa sahihi kila mara. Faure hakumhatarisha mtu kwa kulala chali uwanjani, na Obree naye alikuwa peke yake kwenye mbao. Pale nadhani walilinda sura ya mchezo, jinsi walivyozoea kumuona mtu juu ya baiskeli. Lakini marufuku ya 2021 ni kitu kingine. Waendeshaji wa kulipwa wana daktari kwenye gari nyuma yao. Mtoto anayewatazama kwenye simu kule Chanji hana. Kosa langu la kihistoria lilikuwa kuweka marufuku zote kwenye gunia moja.

Septemba 2025 mashindano ya dunia yalikuja Kigali, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Mbio dhidi ya saa za wanaume zilikuwa kilomita 40.6, milima ile ya Rwanda mnaijua. Remco Evenepoel wa Ubelgiji akashinda kwa mara ya tatu mfululizo. Alimkuta njiani na kumpita Tadej Pogačar, bingwa wa Tour, aliyetangulia kuondoka kwa dakika mbili na nusu. Evenepoel ni mfupi na anajikunja vizuri kuliko wote: kichwa kimezama katikati ya mabega, mikono imeinuka mbele ya uso, mgongo umetulia kama kikombe kilichofunikwa mezani. Nilipoitazama tena juzi, sasa nikatazama kitu kingine. Barabara imefungwa, hakuna lori, hakuna mbuzi. Na penye kona kali mikono inarudi kwenye breki. Hata yeye hainami muda wote. Anajua wapi.

Jana mdogo wangu kapiga simu. Baada ya salamu akauliza, "Kaka, nikipona, nitainama tena?" Nikajua kwamba hilo ndilo swali nililokuwa nalikimbia. Kumwambia hapana ni rahisi, na mama angefurahi. Lakini ingekuwa uongo, maana asubuhi ya Julai akitumwa dukani upepo utamkuta, na akikaa wima atachoka bure.

Nikamwambia utainama. Kwenye tambarare, upepo ukija mbele, njia ukiiona mpaka mwisho, vidole vikiwa jirani na breki, macho juu. Ukianza kushuka, kaa wima, fungua koti, mpe upepo kifua chote. Ukibeba mtu au mzigo, muulize mjomba, usiniulize mimi.

Akacheka, halafu akasema bega linauma akicheka. Nikamwambia basi asicheke.

Nawasilisha. Kesho saa mbili asubuhi nina kipindi na sijafua hata shati. Alamsiki.